Nani anaamua saa ya simu yako mpakani?

BUJUMBURA. Mfanyabiashara akimaliza karatasi zake Kobero saa nne asubuhi na kuvuka kuingia Kabanga, upande wa Tanzania, simu yake humwambia ni saa tano na dakika zake. Foleni haikuwa ndefu kiasi hicho. Simu imejibadilisha yenyewe mfukoni bila kuombwa, na jioni akirudi na mzigo itamrejeshea saa ile ile iliyomnyang'anya asubuhi.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka Mugina kwenda Manyovu, na kwa anayeshuka katika bandari ya Bujumbura kutoka kwenye boti ya Kigoma. Anayekwenda Uvira kupitia Gatumba hakutani na jambo hilo, kwa sababu saa za Kivu na za Burundi zinalingana. Za Rwanda pia.

Wenye biashara wameshazoea. Kabla ya kukubaliana muda wa kupakua mzigo au kutuma pesa, huulizana: "Saa ya Burundi au ya Tanzania?" Na kwa kuwa mjini Bujumbura wapo wanaohesabu saa kwa Kiswahili na Kirundi, kuanzia mapambazuko, na wapo wanaohesabu kwa Kifaransa, kuanzia usiku wa manane, swali linaweza kuwa la hatua mbili. Saa tisa ya lugha gani, na ya nchi gani? Benki ikishafunga dirisha, haifungui tena kwa sababu mteja alikosea hesabu hiyo.

Lipo swali jingine ambalo ni nadra kuulizwa: simu yenyewe inajuaje?

Jibu la haraka ni mnara wa mtandao. Mnara huiambia simu iko nchi gani, na ndiyo maana aliye karibu na mpaka anaweza kunasa mnara wa ng'ambo akiwa bado yuko kwao, saa ikavuka kabla ya mtu. Lakini nchi ikishajulikana, simu bado inahitaji kujua nchi hiyo inafuata saa ipi, tangu lini, na kama kuna badiliko lililotangazwa. Hayo imeyabeba ndani yake, katika daftari moja dogo ambalo liko pia ndani ya simu za Android na iPhone na ndani ya kompyuta nyingi zinazoendesha benki, safari za ndege na pesa za simu duniani.

Daftari hilo huitwa tz. Haliandikwi na serikali, na hakuna kampuni inayoliuza. Huandikwa na watu wanaojitolea, wengi wao wakiwa hawajawahi kuonana, na kwa miaka mingi sasa neno la mwisho limekuwa la mtu mmoja.

Bujumbura chini ya Maputo

Tz ilianza Marekani katika miaka ya 1980, mikononi mwa Arthur David Olson, mfanyakazi wa Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo. Alikusanya kanuni za saa za sehemu mbalimbali ili kompyuta ziweze kuzisoma, na watu wa nchi nyingine wakaanza kumtumia marekebisho ya kwao.

Kazi ya namna hii huitwa programu huria. Maandishi yake yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuyatumia bila kulipa. Tz imekwenda mbali zaidi ya nyingi za aina yake, kwani data zake zimewekwa kuwa mali ya umma.

Kila ukurasa wa daftari hilo umepewa jina la jiji, si la nchi. Waandishi wake waliona kwamba majina na mipaka ya nchi hubadilika upesi kuliko majiji. Tena kanuni yao hutazama jiji lenye watu wengi, haitazami ikulu iko wapi. Ndiyo maana Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi mwaka 2019, daftari halikubadilishwa hata herufi moja. Jina limebaki Africa/Bujumbura.

Anayeufungua ukurasa huo wa Bujumbura hukutana na mshangao. Hauna maandishi yake wenyewe. Una mstari mmoja tu unaoielekeza kompyuta ikasome ukurasa wa Maputo. Kigali imeelekezwa huko huko, pamoja na Lubumbashi, Lusaka na Harare. Dar es Salaam, Kampala na Mogadishu zimeelekezwa Nairobi.

Halikuwa kosa. Ni uamuzi wa mwaka 2014, uliotokana na kanuni kwamba sehemu ambazo saa zake zimelingana tangu 1970 hazihitaji kuandikwa mara mbili. Mwaka 1970 umechaguliwa kwa sababu ndipo kompyuta nyingi zinapoanzia kuhesabu wakati. Burundi na Msumbiji zote ziko saa mbili mbele ya saa ya dunia, UTC, na katika kipindi hicho chote hazikutofautiana. Ukurasa mmoja ukatosha.

Mwenye simu hapotezi chochote kwa uamuzi huo. Anayepoteza ni mwenye kuchimba historia. Kwa mfano, Nairobi kati ya 1937 na katikati ya 1942 haikuwa saa tatu mbele ya UTC kama leo, bali saa mbili na dakika 45. Dar es Salaam ilikuwa na historia yake nyingine. Kompyuta inayosoma daftari la kawaida huipa Dar es Salaam historia ya Nairobi, na yale ya zamani ya Dar es Salaam yamewekwa katika faili la pembeni ambalo wengi hawalisomi.

Kwa hesabu ya jua, Bujumbura iko mbele ya UTC kwa saa 1, dakika 57 na sekunde 28. Saa rasmi ya Burundi inakaribia jua lake kwa chini ya dakika tatu. Kigoma, jirani yake wa ziwani, jua lake ni karibu lile lile, lakini hufuata saa ya Dar es Salaam. Kwa hiyo Bujumbura huamka na jua saa kumi na mbili, wakati Kigoma jua hilo hilo huchomoza karibu saa moja. Mzee wa zamani aliyehesabu saa kwa mapambazuko angesema Bujumbura ndiyo yenye saa ya Kiswahili barabara.

Mwenyekiti asiye na polisi

Kwa miaka mingi daftari lilitunzwa kwenye kompyuta ya mahali alipofanya kazi Olson. Alipokuwa anakaribia kustaafu, mazungumzo ya kulikabidhi kwa taasisi ya kudumu yalikuwa yameshaanza. Kabla hayajaisha, likatokea jambo.

Tarehe 30 Septemba 2011, kampuni ya Marekani iitwayo Astrolabe, inayouza programu za unajimu, ilimshtaki Olson mahakamani pamoja na msaidizi wake wa muda mrefu, Paul Eggert. Wanajimu huhitaji kujua mtu alizaliwa saa ngapi hasa, hivyo huthamini sana historia za saa za miji. Kampuni ilidai kwamba taarifa za zamani zilizomo katika daftari zimetoka katika kitabu ambacho haki zake ni mali yake.

Siku chache baadaye, tarehe 6 Oktoba, Olson alifunga kila kitu. Daftari linalotegemewa na dunia nzima likawa halina mahali pa kukaa. Kila mfanyabiashara anajua duka lililoandikwa jina la mtu mmoja hupata nini mtu huyo akiitwa na mahakama.

Kilichookoa kazi ni kwamba nakala zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na hakuna aliyeweza kuzikusanya zote na kuzifungia kabatini. Tarehe 14 Oktoba, ICANN, taasisi inayosimamia majina na anwani za intaneti, ilitangaza kwamba imelichukua daftari chini ya ulinzi wake. Kesi yenyewe haikufika mbali. Februari 2012 Astrolabe iliiondoa na kuomba radhi, baada ya shirika la kutetea haki za kidijitali la EFF kuingia kuwatetea washtakiwa.

Mwezi huo huo zilichapishwa taratibu rasmi, katika waraka namba RFC 6557. Zinasema kutakuwa na mratibu mmoja, anayeteuliwa na kamati ya wahandisi wa intaneti iitwayo IESG. Mratibu husikiliza mjadala, kisha huamua. Anayeona uamuzi umekwenda kombo anaweza kukata rufaa kwa kamati hiyo. Kiti hicho akakikalia Eggert, ambaye kazi yake imekuwa kufundisha kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles.

Hakuna kura inayopigwa. Mtu huleta habari kwa barua pepe ya wazi: nchi fulani imetangaza kubadilisha saa, na huu hapa ushahidi, tangazo la serikali au habari ya gazeti. Wengine huuliza, husahihisha, hutafsiri. Mratibu huandika rasimu, kila mtu akaiona. Pingamizi zikiisha, au zikizidiwa hoja, hutoa toleo jipya lenye jina la mwaka na herufi: 2021a, 2021b, na kuendelea.

Wanachama wa ikirimba hapa Burundi, wa upatu Tanzania au wa chama Kenya watauona utaratibu huu kama wa nyumbani. Mweka hazina hana polisi. Anachoshikilia ni imani ya wanachama, nayo ikiondoka hakibaki kitu. Tofauti iko mahali pamoja, nayo ni kubwa. Anayegombana na wenzake katika ikirimba huondoka mikono mitupu au na mchango wake tu. Katika programu huria, anayegombana anaweza kuondoka na nakala kamili ya mali yote, akafungua kibanda chake kando ya kile cha zamani, na hakuna wa kumzuia.

Ndicho kinachomfanya kiongozi wa kazi kama hii aongee kwa adabu. Mwenyekiti wa soko akiamua vibaya, huwezi kulibeba soko ukaondoka nalo. Eggert anajua daftari lake linabebeka.

Kuondoka nako kuna gharama, lakini. Madaftari mawili yenye saa mbili tofauti za mji mmoja yangekuwa hasara kwa kila mtu, kuanzia benki hadi msafiri. Ndiyo maana watu hubishana kwa miezi kabla ya kufika huko.

Ugomvi wa Oslo na Berlin

Walifika karibu sana mwaka 2021. Eggert alitaka kuikamilisha ile kanuni ya 1970 ambayo Bujumbura na miji mingi ya Afrika ilikuwa imeshapitishiwa miaka saba nyuma. Safari hii zamu ilikuwa ya Ulaya: Oslo, Stockholm na Copenhagen zielekezwe Berlin, Amsterdam ielekezwe Brussels.

Kelele zikawa kubwa. Aliyesimama mbele alikuwa Stephen Colebourne, mwandishi maarufu wa programu za tarehe na saa zinazotumika katika lugha ya kompyuta ya Java. Hoja yake haikuwa ya kijinga: watumiaji wameshazoea data hizi, historia za miji hiyo zina ushahidi mzuri, na kuzihamishia faili la pembeni kutaharibu kazi za watu bila faida yoyote.

Hoja ya Eggert ilikuwa usawa. Haiwezekani historia ya saa za miji ya Afrika ihamishiwe pembeni kwa kanuni, kisha kanuni hiyo hiyo ikifika Ulaya isimame. Ama iwe ya wote, ama isiwe ya mtu.

Mtu wa Bujumbura anaweza kusoma ugomvi huo kwa tabasamu. Kanuni ilipopita huku, kelele hazikufika kiwango hicho. Ilipobisha hodi Oslo, ikazungumzwa habari ya kumwondoa mratibu na kuligawa daftari. Upo uwezekano kwamba data za Ulaya zilikuwa na ushahidi mzito zaidi, na Colebourne alikuwa na haki ya kuutetea. Lakini katika kazi ya kujitolea, maslahi yanayotetewa ni ya wale waliomo chumbani. Asiyekuwemo hupitishiwa uamuzi bila hata kujua kwamba kulikuwa na kikao.

Mwisho wake ulikuwa wa kiutu uzima. Toleo la 2021b lilipotoka Septemba, Eggert alikuwa amepunguza mwendo: miji michache tu ndiyo iliyounganishwa, Accra ikiwemo, ikielekezwa Abidjan. Miji ya Ulaya iliyozua ugomvi aliiacha kwanza. Ilikuja kuunganishwa Agosti 2022, katika toleo la 2022b. Colebourne naye alifungua nakala yake, inayohifadhi historia za miji kama zilivyokuwa. Saa ya leo ni ile ile katika nakala zote mbili, kwa hiyo hakuna msafiri aliyechelewa ndege. Waliogawana ni wenye kujali miaka ya kabla ya 1970.

Si kila mradi huishi na mwenyekiti mmoja. Debian, mkusanyiko mkubwa wa programu huria, humchagua kiongozi kila mwaka kwa kura. Lugha ya Python iliongozwa na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, hadi Julai 2018, alipojiuzulu akiwa amechoshwa na mabishano juu ya badiliko moja dogo. Waliobaki walijadiliana kwa miezi, wakaamua kuwe na baraza la watu watano.

Juba ilitoa siku chache

Kwa wafanyabiashara wa kanda hii, tukio lililogusa mifuko lilitoka Juba. Sudan Kusini ilikuwa UTC+3, sawa na Uganda na Kenya, urithi wa uamuzi wa Khartoum wa mwaka 2000 nchi hizo mbili zilipokuwa bado moja. Khartoum yenyewe ilirudi UTC+2 mwaka 2017. Kisha Januari 2021 Juba ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari nayo itarudisha saa nyuma.

Toleo la 2021a la daftari lilitoka tarehe 24 Januari. Zilibaki siku nane.

Siku nane zinatosha kwa mtu anayesoma gazeti. Kwa simu hazitoshi. Daftari likitoka kwa waandishi wake, lazima lichukuliwe na watengenezaji wa mifumo, Google na Apple miongoni mwao, kisha lifike kwenye simu, kisha mwenye simu awe na bando la kupakua. Simu zenye Android 10 na kuendelea zinaweza kupokea daftari jipya bila kungoja mfumo mzima ubadilishwe. Za zamani zaidi hutegemea mtengenezaji awe bado anazijali, na nyingi zilizoko sokoni zimeshasahauliwa na waliozitengeneza. Simu isiyopata toleo jipya huendelea kuitazama Juba kana kwamba bado ni Januari 2021.

Matokeo mengine ni ya kudumu. Kabla ya siku hiyo, kati ya Elegu ya Uganda na Nimule ya Sudan Kusini hapakuwa na tofauti ya saa. Sasa ipo, kama ilivyo Kobero na Kabanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki imegawanyika karibu sawasawa: Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia ziko UTC+3, Burundi, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo ziko UTC+2. Kinshasa iko UTC+1.

Waandishi wa tz huzishauri serikali zitangaze mabadiliko mapema, ikiwezekana mwaka mmoja kabla. Hawawezi kuzilazimisha. Wala hawana mamlaka ya kukataa uamuzi wa nchi kwa sababu umechelewa.

Wanachoweza kufanya ni kungoja waone watu wanafanya nini, na hapo ndipo kazi ya mratibu inapokuwa ngumu kuliko yote. Lebanon ilimpa mtihani huo Machi 2023. Nchi hiyo husogeza saa mbele kila mwaka mwishoni mwa Machi. Siku mbili au tatu kabla, Waziri Mkuu Najib Mikati alitangaza kwamba safari hii jambo hilo litasubiri hadi Ramadhani iishe. Eggert alitoa toleo la 2023b tarehe 23 Machi kufuata tangazo hilo. Kanisa la Wamaroni na taasisi nyingine wakakataa, wakasogeza saa kama kawaida. Beirut ikawa na saa mbili katika mtaa mmoja.

Tarehe 27 serikali ikarudi nyuma. Tarehe 28 likatoka toleo la 2023c, likirejesha mambo yalivyokuwa kabla ya tangazo. Daftari halikujaribu kuandika kila kona ya mkanganyiko ule. Mratibu alichagua maelezo rahisi ambayo yangewaletea watu wengi saa sahihi, akaendelea na kazi.

Kwa mtazamo wa sheria, uamuzi wa kwanza ndio uliokuwa na sahihi ya serikali. Lakini kipimo cha tz tangu mwanzo kimekuwa saa inayofuatwa na watu, hata ikipingana na karatasi. Ni kipimo kinachofahamika kwa yeyote aliyewahi kuuza kwa bei ya soko ilhali bei elekezi imebandikwa ukutani.

Anayeachiwa ufunguo

Hatari kubwa ya kazi za namna hii hutoka kwenye uchovu kuliko udikteta. Mwaka 2024 dunia ilionyeshwa hilo kupitia programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, inayokaa ndani ya kompyuta nyingi zinazoendesha intaneti. Ilitunzwa kwa miaka mingi na Lasse Collin wa Finland, bila malipo, karibu peke yake.

Mnamo 2021 alijitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan. Alileta marekebisho mazuri, kwa upole na kwa subira. Wakati huo huo majina mengine yakaanza kumsonga Collin kwamba kazi inachelewa na anapaswa kumpa mtu mwingine nafasi. Kidogo kidogo msaidizi akapewa ufunguo. Mapema 2024 akaingiza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia katika kompyuta za watu.

Mlango huo uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta yake kumechukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Aliutangazia umma tarehe 29 Machi 2024, kabla haujasambaa sana. Jia Tan akatoweka. Hakuna anayejua hadharani alikuwa nani.

Mwenye duka aliyewahi kumwachia kijana mwaminifu ufunguo baada ya miaka miwili ya kufagia na kuhesabu magunia haihitaji hadithi hii itafsiriwe. Kilichomponza Collin ni kuachwa peke yake na watu waliokuwa wakiitumia kazi yake bure, miongoni mwao makampuni makubwa sana.

Daftari la saa lina kinga kidogo kuliko xz. Yaliyomo ni mistari ya miji na tarehe inayosomeka na mtu wa kawaida, na badiliko la ajabu kwenye saa ya Nairobi lingeonekana na mamilioni asubuhi yake. Taratibu za 2012 nazo zinaeleza nani atamteua mratibu mwingine. Hata hivyo, bado ni kazi ya wachache wenye subira ya kusoma matangazo ya serikali za watu.

Mlango wao uko wazi kwa Mrundi sawasawa na kwa Mnorwe. Hakuna ada wala kadi ya uanachama. Anayejua kwamba serikali yake imetangaza badiliko, na ana tangazo au gazeti mkononi, anaweza kuandika na kusikilizwa. Nchi ikikaa kimya mpaka siku ya mwisho, raia mmoja mwenye barua pepe anaweza kuipunguzia hasara.

Kwa anayefanya kazi karibu na Kobero au Mugina na kuchoshwa na saa inayorukaruka kila simu inaponasa mnara wa ng'ambo, dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, kuzima uchaguzi wa moja kwa moja wa ukanda wa saa, na kuchagua Bujumbura kwa mkono. Simu za zamani ambazo orodha yake fupi haina Bujumbura huwa mara nyingi na Harare, au Maputo. Saa ni ile ile.